Uvimbe katika chuchu za mbwa: je, ni ugonjwa wa kuambukiza?



Katika vijiji vya Uluguru mbwa ni mlinzi. Analinda mahindi na migomba isiliwe na nyani na nguruwe pori. Paka naye analinda ghala. Wanyama hawa tunaishi nao karibu sana. Wengine wanalala jikoni pamoja na watoto wetu. Kwa hiyo mmoja wao akiugua, watu wa nyumba ile huwa na hofu.

Ugonjwa mmoja unaotia hofu ni uvimbe wa chuchu. Mbwa jike aliyekwisha kuwa mzee huota kinundu kigumu chini ya tumbo, karibu na chuchu. Kinundu kinakua polepole. Mwisho kinaweza kupasuka na kuwa kidonda kinachonuka. Paka jike pia hupatwa na ugonjwa huu.

Kina mama wanaokuja zahanati wanauliza: "Daktari, mbwa wetu ana kansa ya maziwa, na mimi nanyonyesha. Je, haitaniingia?" Wapo waliokwisha kumuua mbwa wao kwa sababu hiyo. Wapo pia walioambiwa na majirani wamwachishe mtoto ziwa upesi. Jambo hili la pili ndilo baya zaidi. Mtoto wa miezi minne akiachishwa ziwa kwa hofu ya mbwa, atakayeumia ni mtoto, wala si mbwa.

Swali lenyewe ni zuri. Hata wataalamu wakubwa wanaliuliza: je, kansa ya chuchu za mbwa na paka inaletwa na virusi? Basi tulitazame polepole.

KANSA NI NINI?

Kansa huitwa pia saratani. Mwili wa mtu au mnyama umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Nyumba imejengwa kwa matofali, na mwili umejengwa kwa seli. Tofauti ni kwamba seli ina uhai. Inakula, inagawanyika ikawa mbili, na siku zake zikiisha inakufa.

Kila seli ina maagizo yake ndani. Maagizo hayo ni kama barua. Tuseme barua ya seli inasema hivi: "Kata kuni, kisha rudi nyumbani." Seli inafanya kazi, halafu inapumzika. Sasa mtu aongeze herufi tatu tu. Barua itasomeka hivi: "Kata kuni, kisha usirudi nyumbani." Ninyi mliojifunza kusoma mnajua jinsi herufi chache zinavyoweza kugeuza maana yote. Seli iliyopata barua mbovu haipumziki. Inagawanyika mchana na usiku, na watoto wake wanarithi barua ile ile mbovu. Huo ndio mwanzo wa kansa.

Ni nani anayeharibu barua? Mara nyingi ni uzee tu, kwa sababu barua ikinakiliwa mara nyingi makosa hutokea. Moshi wa tumbaku huiharibu. Makosa mengine mtu huyarithi kwa wazazi. Na mara nyingine anayeharibu ni kirusi.

Kirusi ni kijidudu kidogo kuliko vijidudu vingine vyote tunavyovipima zahanati. Hadubini yetu ya kupimia malaria haiwezi kukionyesha. Hakiwezi kuzaana peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli na kuitumia seli hiyo kama mtumishi wake. Virusi vingine vikiingia vinaandika maneno yao katikati ya ile barua. Wakati mwingine maneno hayo yanaangukia mahali pabaya.

HABARI YA PANYA NA MAZIWA

Habari hii inaanzia mbali, Marekani, katika maabara iliyofuga panya wadogo wa nyumbani. Panya hao walikuwa wa koo mbalimbali. Katika ukoo mmoja majike wengi walipata kansa ya chuchu. Katika ukoo mwingine ni wachache tu waliopata. Wataalamu wakaona kwamba ugonjwa unafuata upande wa mama. Baba akitoka ukoo wenye kansa, watoto hawaugui sana. Mama akitoka ukoo huo, watoto wanaugua. Sisi wa Uluguru tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama tunaweza kusema ni jambo la kawaida, mtoto amefuata kwao!

Lakini mtaalamu mmoja, John Bittner, hakuridhika. Alichukua watoto wa panya wa ukoo wenye kansa mara tu walipozaliwa. Akawapa mama mwingine wa ukoo usio na kansa awanyonyeshe. Watoto hao walipokua, wachache tu waliugua. Akaeleza matokeo hayo mwaka 1936. Kumbe jambo kubwa halikuwa katika damu ya ukoo. Lilikuwa ndani ya maziwa.

Miaka ya baadaye, kwa hadubini zenye nguvu nyingi za umeme, watu waliona kitu chenyewe. Kilikuwa kirusi. Mtoto wa panya anakinywa pamoja na maziwa. Kinapita tumboni, kinaingia katika seli za damu, kisha kinafika kwenye chuchu na kukaa kimya. Panya huyo akishika mimba na kunyonyesha, homoni za uzazi zinakiamsha. Kinaongezeka na kuandika maneno yake katika barua za seli nyingi. Baadhi ya maneno hayo huangukia karibu na agizo la kukua, na uvimbe unaanza.

Basi kwa panya jambo hili limethibitishwa. Hakuna ubishi.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na ninyi. Wafugaji wanaonunua vifaranga vya siku moja wamesikia jina la Mareksi. Mareksi ni ugonjwa wa kuku unaopoozesha miguu na kuotesha uvimbe ndani ya mwili. Unaletwa na kirusi, na chanjo yake imekuwapo tangu karibu mwaka 1970. Kwa hiyo kirusi kuleta uvimbe kwa mnyama tunayemfuga si hadithi.

NA MBWA JE? NA PAKA?

Hapa ndipo tunapaswa kwenda kwa uangalifu.

Paka anakula panya. Mbwa naye anakula panya akimpata. Basi wataalamu wakajiuliza: je, kirusi cha panya hakiwezi kuhamia kwa paka na mbwa? Mwaka 2010 wataalamu wa Taiwan walitangaza kwamba wameona, katika baadhi ya uvimbe wa chuchu za mbwa na paka, vipande vya maandishi vinavyofanana na vya kirusi kile cha panya. Vilionekana katika baadhi ya uvimbe tu, si katika wote.

Je, hii inatosha kusema kirusi ndicho kilicholeta kansa? Haitoshi. Ukimkuta mtu amesimama karibu na nyumba inayoungua, huwezi kusema papo hapo kwamba ndiye aliyeichoma. Huenda alikuja kuzima moto. Huenda alikuwa anapita njia. Lazima uonyeshe kwamba alikuwapo kabla ya moto, na kwamba kiberiti ni chake. Bittner alionyesha hivyo kwa panya, maana alipoyaondoa maziwa, ugonjwa ulipungua. Kwa mbwa na paka hakuna aliyeonyesha hivyo mpaka leo. Tena vipande vya panya ni rahisi kuingia katika maabara kwa bahati mbaya na kuchafua kipimo. Mtu akidhani amekiona kirusi ndani ya uvimbe, huenda ameona uchafu wa meza.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2006 madaktari wa Ujerumani waliandika kwamba wanawake wengi waliokuwa na kansa ya matiti waliwahi kufuga mbwa. Wakauliza kama mbwa wana kitu kinachowaambukiza. Habari kama hii ikifika kijijini imekwisha kuongezwa chumvi mara tano. Lakini fikirini. Mwaka wa mvua nyingi vyura ni wengi, na mahindi pia ni mengi. Vyura hawakuleta mahindi. Mambo mawili kutokea pamoja hakutoshi kuonyesha kwamba moja limezaa jingine. Madaktari wale wenyewe waliuliza swali. Hawakutoa hukumu.

Sisi wa Morogoro tuna mfano wetu. Panya shamba anayekula mahindi yetu, yule ambaye jike lake lina chuchu nyingi kuliko panya wengine, amechunguzwa sana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa nchi za nje. Ndani yake kulikutwa kirusi ambacho hakikujulikana mbele. Mwaka 2009 kilitangazwa kwa jina la mji wetu, kirusi cha Morogoro. Je, kimeleta ugonjwa kwa watu? Hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa sababu yake. Mnyama anaweza kubeba kirusi kinachokaa kwake, na mtu akalala nyumba moja naye bila kudhurika.

Ipo kansa moja ya mbwa ambayo kweli inaambukiza, nayo mmekwisha kuiona hata kama hamjui jina lake. Mbwa dume au jike anatoa damu sehemu za siri, na ukitazama unaona nyama nyekundu kama ua la koliflawa. Hiyo huenda kwa mbwa mwingine wanapopandana. Lakini ajabu ni kwamba haina kirusi. Kinachohama ni seli za kansa zenyewe, kutoka mwili wa mbwa mmoja hadi mwingine, na zimekuwa zikihama hivyo kwa maelfu ya miaka. Haiwapati watu. Na inatibika kwa sindano za dawa iitwayo vinkristini, ambazo hutolewa na daktari wa mifugo. Msiichanganye na uvimbe wa chuchu. Ni magonjwa mawili.

SOMO KUTOKA UGANDA

Mtu anaweza kusema: "Basi kirusi kikionekana siku moja, tutawaua mbwa wote." Ngojeni kwanza msikie habari ya jirani zetu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akaona watoto wengine wa namna hiyo. Ilikuwa kansa. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ndefu kwa gari, wakapita Tanganyika na nchi nyingine mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mmewaona watoto wa namna hii? Waliona kwamba ugonjwa uko nchi za joto na mvua, na haupo nyanda za juu zenye baridi. Mtu wa Mgeta akishuka mpaka Mvuha anaielewa tofauti hiyo kwa ngozi yake mwenyewe, na kwa mbu pia.

Mwaka 1964 kirusi kilionekana ndani ya seli za uvimbe ule. Waliokitangaza ni Epstein, Achong na Barr kule Uingereza. Watu wakafurahi, mkosaji amekamatwa. Lakini ikaja kujulikana kwamba karibu watu wazima wote duniani wana kirusi hicho, na wengi sana hawaugui kansa. Kwa watoto wa Afrika, malaria ya mara kwa mara inakisaidia kirusi kufanya ubaya wake. Peke yake hakitoshi. Kwa hiyo hata kirusi kikithibitishwa kwa mbwa, bado itabidi tuulize kinasaidiwa na nini.

KINACHOJULIKANA KWA MBWA

Msaidizi mmoja mkubwa anajulikana tayari. Ni homoni za uzazi. Mwaka 1969 wataalamu wa Marekani walihesabu mbwa majike waliotolewa kizazi. Waliotolewa kabla ya joto la kwanza karibu hawakupata uvimbe kabisa. Kama katika kundi la majike wenye kizazi wangeugua 200, katika kundi kama hilo la waliotolewa mapema angeugua mmoja tu. Waliotolewa baada ya joto la kwanza wangeugua 16. Baada ya joto la pili, 52. Mwaka 2012 wengine waliipitia upya hesabu hii na nyingine za namna hiyo, wakasema ushahidi wake si imara kama ulivyodhaniwa. Mimi nasema bado ina faida, kwa sababu mbwa asiyezaa kila mwaka hajazi kijiji watoto wasio na chakula wala chanjo. Kwa paka, hesabu ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba waliotolewa kizazi kabla ya miezi 6 hatari yao ilipungua kwa asilimia 91. Lakini sindano za homoni za kuzuia mbwa au paka asipate joto zinaongeza hatari ya uvimbe. Usidanganywe uzinunue.

Si kila uvimbe ni kansa. Mbwa anayenyonyesha akivimba chuchu, ikawa ya moto, inauma na kutoa usaha, hayo ni majipu ya maziwa na yana dawa. Kinundu kigumu kisichouma kwa mbwa mzee ndicho cha kutiliwa mashaka. Hata hivyo, kwa mbwa karibu nusu ya vinundu hivyo si vya hatari. Kwa paka vilivyo vingi ni vya hatari, kwa hiyo paka asingojewe.

Usikate kwa wembe. Usichome kwa chuma cha moto wala kumwagia maji ya betri. Nimeona vidonda vya namna hiyo na sipendi kuvieleza hapa. Mwite bwana mifugo. Kinundu kikiwa kidogo kinaweza kutolewa kwa upasuaji. Mjini Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kina hospitali ya wanyama ambayo wanafunzi wa udaktari wa mifugo hujifunzia. Anayeshuka sokoni na ndizi anaweza kwanza kupita kuuliza gharama.

MAMA NA MTOTO

Sasa narudi kwa mama anayenyonyesha. Mama, kansa ya mbwa wako haikuingii. Kumgusa, kumlisha, kulala naye nyumba moja, havikuletei kansa ya titi. Kumwosha kidonda nako si hatari, ila nawa mikono kwa sabuni.

Na ile habari ya maziwa ya panya isikutishe. Wewe si panya. Wataalamu wamechunguza wanawake walionyonyeshwa na mama zao, hata wale ambao mama zao walikuja kupata kansa ya matiti. Hawakuugua zaidi kuliko walionyweshwa maziwa ya kopo. Na mama mwenyewe anafaidika. Mwaka 2002 zilikusanywa hesabu za wanawake wa nchi nyingi. Zikaonyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari ya mama kupata kansa ya titi kwa zaidi kidogo ya asilimia 4. Mnyonyeshe mtoto.

Lakini ukiona kinundu katika titi lako mwenyewe, usimtazame mbwa wala usimtafute mchawi. Njoo zahanati wiki hiyo hiyo. Njoo pia ukiona chuchu imeingia ndani, au inatoa damu, au ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa, au kuna kinundu kwapani. Mara nyingi haumii, na ndiyo sababu watu wanachelewa. Sisi tutakuandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa, na wao wakiona lazima watakupeleka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Wanaume pia huugua titi, ingawa ni wachache.

Kirusi cha mbwa kinachoua watu kipo, na wote mnakijua. Ni cha kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aje kuchomwa sindano siku ile ile. Bwana mifugo akija kuchanja, mpelekeeni mbwa wote, hata yule mzee mwenye kinundu.

Na kwa huyo mzee, chukueni daftari la mtoto wa shule. Mara moja kwa mwezi mlaze mbwa chali, umpapase chuchu zote, kwa kawaida ni 10, na usisahau zile za nyuma maana ndizo zinazougua zaidi. Andika unachoona. Kwa mfano: "Tarehe 3 Juni. Chuchu ya mwisho kulia. Kinundu kama punje ya hindi. Hakiumi. Mbwa ana miaka 9, amezaa mara 6." Mwezi unaofuata andika tena. Kikifika ukubwa wa punje ya maharage, usingoje kiwe yai. Mpe bwana mifugo daftari lile alisome.